Maswali ya Wasomaji: Mlangoni, Jukwaani na Dimbwi la Golini

Klabu yetu inacheza Championship, ligi ya daraja la pili nchini Tanzania. Jukwaa la mzunguko linaonekana limejaa, lakini viingilio havifanani na watu. Tufanyeje? (Mweka hazina, Kanda ya Ziwa)

Anza na namba za tiketi. Muuzaji akabidhiwe kwa maandishi, tuseme 001 hadi 600, na akirudisha kuanzia 413 ina maana kauza 412. Kwa kiingilio cha sh. 2,000 anadaiwa sh. 824,000, hakuna hadithi. Mchanaji awe mtu mwingine, na kila kipande anachochana kiingie kwenye boksi lenye kufuli. Wageni, waandishi na watoto nao wapewe tiketi za rangi tofauti, la sivyo kila asiyelipa ataitwa mgeni.

Dakika ya 30 watu wawili wahesabu jukwaani, kila mmoja kivyake. Sasa linganisheni. Vipande vikiwa 371 huku tiketi 412 zimeuzwa, kuna tiketi zinazopita bila kuchanwa, na hizo ndizo zinazotolewa nje kupitia uzio na kutumika tena. Vichwa vikizidi vipande na tiketi za bure kwa pamoja, angalieni mlangoni: ama hizo hizo zinazorudi, ama fedha inapokewa mkononi. Hesabu ifanyike kabla ya fungulia mbwa, yaani milango inapoachwa wazi watu waingie bure mechi ikielekea mwisho, maana baada ya hapo haina maana tena. Na fungulia mbwa yenyewe, ikianza mapema kila wiki, huwafundisha watu kusubiri nje. Iacheni hadi dakika ya 80, au ifuteni kabisa.

Mechi za saa 10 jioni katikati ya wiki zitaendelea kuwapunguzia watu. Kiwanja kisicho na taa hakina ujanja mwingi hapo.

Tunajuaje jukwaa letu linabeba watu wangapi? Kila mtu anataja namba yake. (Msimamizi wa uwanja, Nyanda za Juu Kusini)

Pima kwa futi kamba. Kila mkaaji mpe sentimita 50. Jukwaa la mita 40 lenye ngazi 10 za kukalia, ukiondoa njia mbili za kupitia zenye mita 1.2 kila moja, linabaki na mita 37.6 kwa ngazi: watu 75, jumla 750.

Bado hujamaliza. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Uingereza unakadiria kwamba kila mita moja ya upana wa njia tambarare hutoa watu 82 kwa dakika (kwenye ngazi ni 66), na unataka jukwaa liwe tupu ndani ya dakika 8. Mlango mmoja wa mita 1.2 utatoa watu 787, kwa hiyo 750 wanatosha. Lakini mkifungua ubao mmoja tu wa mlango, kama ilivyo kawaida ya viwanja vyetu ili kudhibiti wasiolipa, upana unabaki sentimita 60 na uwezo unashuka hadi 393. Jukwaa ni lile lile! Namba ya kuuza tiketi ni ile iliyo ndogo kati ya viti na milango. Mlango wa kutokea ufunguke kwa nje, na mwenye funguo asimame hapo hapo, asiende kutazama penalti.

Mvua ikinyesha golini panakuwa dimbwi. Tumemwaga mchanga, hali ni ile ile. (Kocha, Pwani)

Udongo umeshindiliwa, hasa kama uwanja hupokea mikutano na malori ya jukwaa la muziki. Mchanga uliomwagwa juu tu hauwezi kufungua kilicho chini. Subirini pakauke kiasi, toboeni mashimo ya sentimita 10 hadi 15 kwa uma wa bustani, shimo na shimo sentimita 10, kisha fagieni mchanga mkavu uingie humo. Mistari ipigeni kwa rangi nyeupe ya maji, upana usizidi sentimita 12. Chokaa isiyozimwa msiiguse: ikikutana na maji inachemka, na kipa akidaka chini inamuunguza macho na ngozi.