Daktari amehama, presha umebaki nayo

Umetoka Kitangari au Nanyamba kabla ya adhana ya alfajiri, umekaa kwenye benchi mpaka saa nne, namba imeitwa, unafungua mlango: aliyekaa kwenye kiti si yule dokta aliyekuzoea. Huyu hajui jina lako. Anatazama kompyuta, anauliza maswali uliyokwisha kuyajibu mara kumi, anasoma presha, anatikisa kichwa, anabadilisha dawa. Unatoka na karatasi ambayo hukuielewa. Wapo wanaotoka hivyo na wasirudi tena kliniki. Wanabaki kununua vidonge vya zamani dukani mpaka figo au macho yaanze kudai.

Hasira hiyo ina haki yake. Mtu mzima kuhojiwa na kijana ambaye hata shikamoo hakutoa kunauma. Lakini ukweli wa huku kusini mwa Tanzania ni kwamba madaktari hawakai. Wanahamishwa, wanakwenda masomoni, walio kwenye mafunzo kwa vitendo wanazungushwa idara kwa idara, na madaktari bingwa wanaokuja kwa kambi za matibabu hukaa siku chache tu. Zahanati ya kijijini unaonwa na tabibu, ukipewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula ya Mtwara au Sokoine ya Lindi, unaonwa na mwingine, na mara nyingi faili lako la kule halikufuati. Kwa hiyo historia ya ugonjwa wako usiiachie hospitali peke yake. Iweke kwako.

Nunua daftari la shule, moja tu, la kliniki na si la kitu kingine. Ukurasa wa kwanza andika mwaka uliogundulika na presha au kisukari, upasuaji uliofanyiwa, mara ulizolazwa na dawa zinazokudhuru. Ukurasa wa pili andika dawa unazotumia sasa, jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pakiti, miligramu zake, mara ngapi kwa siku, tangu lini. Ukurasa wa tatu ndio wenye thamani kuliko yote na ndio watu wanausahau: dawa ulizowahi kutumia zikaachishwa, na sababu. Dawa za presha kama kaptopirili na enalapirili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Amlodipini, nayo ya presha, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, hasa ikifika miligramu 10. Kama dokta wa zamani alikutoa kwenye enalapirili kwa ajili ya kikohozi, wa sasa hana namna ya kujua. Atakurudisha palepale, nawe utahangaika na dawa za kifua miezi mitatu kabla mtu hajashtuka.

Pamoja na daftari, beba pakiti zenyewe, hata zilizokwisha. Usihamishie vidonge kwenye kikopo kimoja. Na usimwelekeze dokta kwa rangi, "kile cheupe cha duara", kwa sababu dawa ileile ikitengenezwa na kiwanda kingine huja na rangi nyingine na umbo jingine. Hapo ndipo penye mtego mbaya sana. Pakiti ina majina mawili: jina la biashara kwa herufi kubwa, na jina la dawa yenyewe kwa herufi ndogo chini yake. Dokta mpya anaandika losartani, duka linakupa losartani ya kiwanda kingine, nyumbani una losartani ya zamani yenye jina tofauti la biashara, unakunywa zote mbili ukidhani ni dawa mbili. Soma herufi ndogo. Kama macho hayaoni, mpe mjukuu asome.

Sasa asubuhi ya kliniki, mahali ambapo matatizo mengi na dokta mpya yanaanzia. Mtu ameambiwa aje bila kula ili apimwe sukari, basi anaacha na dawa zote. Anafika baada ya mwendo wa bodaboda na kutembea juani, hajanywa dawa ya presha tangu jana, anapimwa hapohapo, inasoma 180 kwa 105. Dokta ambaye hajawahi kumwona anaamini dawa hazifanyi kazi na anaongeza ya tatu. Mgonjwa anarudi nyumbani, safari hii anakunywa zote tatu kwa uaminifu, na kesho yake akisimama kutoka kitandani kizunguzungu kinamwangusha. Dokta amekosea? Amefuata namba aliyoiona, na hakuna aliyemwambia kwamba namba ile ilikuwa ya siku isiyo na dawa.

Kwa hiyo, isipokuwa kama kliniki yako imekuelekeza vingine, kidonge cha presha kinywe asubuhi kwa maji matupu, hata kama unafunga kwa ajili ya kipimo cha sukari. Dawa za sukari ndizo zinazosubiri. Metformini na insulini ziende nawe, utumie baada ya kutolewa damu na chakula kikiwa mkononi. Ukichoma insulini halafu ukakaa foleni kwa muda wa saa tatu bila kula, sukari inaweza kushuka mpaka utetemeke na kutoka jasho. Ikitokea, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, papo hapo, usisubiri namba iitwe.

Kabla ya kupimwa presha omba dakika tano za kukaa. Nenda haja ndogo kwanza. Kahawa na sigara viwe nusu saa nyuma. Mgongo uegemee, miguu ikanyage chini bila kupishana, mkono ulale mezani usawa wa moyo, kitambaa cha kipimo kikae kwenye ngozi na si juu ya shati, na usiongee. Mkono mnene ukifungwa kitambaa kidogo presha husoma juu kuliko ilivyo. Kama dawa zilikuishia wiki mbili zilizopita, sema hivyo kabla hajafunga hicho kitambaa. Wengi huficha wakiogopa kufokewa, na gharama ya kuficha ni dawa ya ziada usiyoihitaji.

Ukiweza kupima nyumbani au zahanati ya karibu, pima kila siku kwa siku saba kabla ya miadi, asubuhi mara mbili na jioni mara mbili, uandike zote. Mashine iwe ya kufungwa mkononi juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Ukurasa huo dokta makini ataupa uzito kuliko kipimo kimoja cha siku hiyo.

Kisha maneno. Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini, kwa sababu dokta aliyetoka Mwanza au Arusha na bibi wa Newala wanaweza kuongea Kiswahili wote wawili wasielewane. Bibi akisema "moyo unaniuma" huenda anaonyesha chembe ya moyo, pale juu ya tumbo panapowaka mtu mwenye vidonda vya tumbo. Dokta anasikia moyo. "Presha inanipanda" kwa wengi maana yake mapigo yanakwenda mbio, na kipimo kinaweza kuwa 120 kwa 80, presha ya kawaida. "Mwili hauna nguvu" ni uchovu, au ganzi, au upande mmoja umelegea? Dawa ya mkanganyiko huu ni kidole. Weka mkono mahali penyewe panapouma, sema panauma vipi (panachoma, panabana, panapwita), tangu lini, kinachoongeza na kinachopunguza. Mzee anayejieleza vizuri zaidi kwa Kimakonde, Kiyao au Kimwera aingie na mtu wake wa kumtafsiria, na huyo mtu atafsiri, asijibu kwa niaba yake.

Sentensi ya kwanza iandae nyumbani, kwa sababu mwanzoni ndipo dokta anakusikiliza zaidi. Mfano: "Dokta, nina presha tangu 2017, natumia losartani 50 asubuhi na amlodipini 10 usiku, kilichonileta leo ni miguu kuvimba wiki tatu." Hapo tayari ana pa kuanzia.

Mtajie na vya dukani. Baada ya kupalilia na kupulizia salfa kwenye mikorosho, mgongo unauma, watu wananunua diklofenaki na kunywa siku kumi mfululizo. Diklofenaki hupandisha presha, na ikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojoza huzielemea figo. Taja mwarobaini na mlonge kama unatumia, na useme kweli kuhusu ng'onda: samaki wa chumvi akiliwa mara kwa mara anaweza kupunguza nguvu ya dawa. Mama anayetarajia kubeba mimba aseme mapema sana, kwa kuwa losartani na enalapirili hazifai kwa mjamzito.

Akibadilisha dawa, usiondoke kitini kabla ya kuuliza: "Hii mpya inachukua nafasi ya ipi? Ile ya zamani niache au niendelee? Nikiona nini nirudi kabla ya tarehe?" Swali la kwanza likikosa jibu, dawa huongezeka badala ya kubadilishwa. Dawa kama atenololi haiachwi kwa ghafla, hivyo kama imeondolewa, uliza inapunguzwaje. Dirishani soma bahasha palepale: 1x2 ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, 2x1 ni viwili kwa mara moja. Ukiona inatofautiana na alichosema dokta, rudi chumbani siku hiyohiyo.

Kama hakukusikiliza kabisa, au amekutolea lugha chafu, mwone muuguzi kiongozi wa kliniki kwanza, taja tarehe na chumba, omba kuonwa na daktari mwingine. Ikishindikana nenda kwa mganga mfawidhi, na kwa vituo vya halmashauri juu yake yuko Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukiombwa hela ya pembeni piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, 113, ni bure. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo apitie ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msamaha, asiache kliniki kwa kukosa pesa.

Kubana kifua kwa uzito, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito havisubiri miadi wala dokta unayemtaka. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Ukifika nyumbani, toa zile zilizoachishwa kwenye kabati, zifunge peke yake uzirudishe kliniki. Kisha andika daftarini jina la dawa mpya, tarehe, na nani aliyekuandikia.