Maswali ya Wasomaji: Stevia Badala ya Sukari

Barua nyingi safari hii zimeuliza kuhusu stevia, mmea mdogo wenye asili ya Paraguay, ambao Waguarani walitilia utamu vinywaji vyao muda mrefu kabla haujaingia viwandani. Malalamiko karibu yote yana chanzo kimoja: stevia hutoa utamu, basi. Kazi nyingine za sukari jikoni haizifanyi.

Nina pakiti mbili za stevia. Moja imeandikwa kijiko kimoja ni sawa na kijiko kimoja cha sukari. Nyingine nikitia ncha ya kijiko tu, chai hainyweki. Nipime vipi?

Hizo ni bidhaa mbili tofauti. Ya pili ni dondoo safi: glikosidi za steviol, yaani viini vyenye utamu, zilizochujwa kutoka kwenye majani hadi kufikia asilimia 95 au zaidi, zenye utamu mara 200 hadi 300 ya sukari. Ya kwanza ni dondoo hilohilo, tena kidogo sana, likachanganywa na kijazio ili lipimike kwa kijiko. Geuza pakiti usome viambato. Kilichotajwa kwanza ndicho kingi. Ukikuta maltodekstrini au dekstrosi imetangulia, ujue umenunua wanga unaopandisha sukari kwenye damu, hata kama mbele ya pakiti pamechorwa jani la kijani. Erithritoli, kijazio kingine, haiipandishi, ila utamu wake ni asilimia 60 hadi 70 tu ya ule wa sukari, huacha ubaridi mdomoni, na ikizidi huvuruga tumbo.

Dondoo safi usilipime kwa kijiko hata siku moja. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Kinachotakiwa mahali pake ni miligramu 13 hadi 20, na hakuna jicho linaloweza kukadiria hizo. Tengeneza maji ya stevia. Pima gramu 1 ya dondoo kwa mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, uiyeyushe katika mililita 50 za maji yaliyochemshwa, utie kwenye chupa safi yenye kifuniko na uweke kwenye friji. Kila mililita 1 itabeba miligramu 20, yaani utamu wa kijiko kimoja cha chai cha sukari. Pimia kwa bomba la sindano la kunyweshea dawa. Maji hayo hayana kihifadhi chochote, kwa hiyo yamalize ndani ya wiki moja. Yakifanya utando, yamwage.

Kwa mwenye majani makavu, gramu 1 ya unga wake ina utamu wa gramu 10 hadi 15 za sukari. Unga huo hauyeyuki. Utauona umetua chini ya kikombe na kuacha rangi ya kijani, kwa hiyo loweka majani mazima pamoja na chai kisha uchuje. Na tahadhari moja: mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inakubali dondoo lililosafishwa tu. Majani na dondoo ghafi haikuyakubali kama kitia utamu, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukutosha.

Inaniachia ladha ya dawa kooni. Je, nimeuziwa mbovu?

Si lazima. Glikosidi hizi huamsha vipokezi vya utamu ulimini, na pia vile vya uchungu. Watu hatulingani katika kuuhisi uchungu huo. Wengine hawauoni kabisa.

Lakini mara nyingi tatizo ni kuzidisha. Utamu wa stevia huchelewa kufika na hukawia kuondoka. Mtu huonja, akaona bado, akaongeza. Utamu wa mara ya kwanza unapofika, tayari ameshatia mara mbili. Tia, koroga, onja, kisha hesabu hadi kumi kabla ya kuamua. Jambo jingine ni kwamba utamu wake una kikomo: ukishafika hapo, kila tone linaongeza uchungu tu. Kinywaji kitamu sana hakiwezekani kwa stevia peke yake. Aliyezoea vijiko 4 vya sukari atie vijiko 2, na mililita 2 za maji ya stevia. Wiki zinavyokwenda apunguze vyote viwili.

Aina ya glikosidi nayo ina maneno. Steviosidi ndiyo yenye uchungu zaidi, rebaudiosidi A ina nafuu, na rebaudiosidi D na M ndizo zinazokaribia sukari. Pakiti nzuri hutaja ni ipi iliyomo. Punje chache za chumvi, maji ya limau, tangawizi, vanila au kakao huuficha uchungu vizuri. Chai iliyokolea kupita kiasi hufanya kinyume, maana ina uchungu wake.

Nilitoa gramu 200 za sukari kwenye keki nikatia stevia. Imetoka fupi, nyeupe na kavu.

Ndivyo inavyotarajiwa. Umeondoa gramu 200 za kitu na kurudisha chini ya gramu moja. Sukari inapopigwa na siagi, chembe zake huchonga vijishimo vya hewa, na hivyo ndivyo beking pauda huvivimbisha ndani ya jiko. Sukari pia hushika maji ili keki isikauke, huchelewesha unga kukaza ili keki ipate muda wa kupanda, na ndiyo inayoungua kidogo na kutoa rangi ya kahawia. Stevia inavumilia joto la kuokea bila kuharibika, lakini haiungui hivyo wala haishiki maji.

Ushauri wetu ni kubadilisha nusu, si yote. Kwa keki ya unga gramu 250, siagi 125 na mayai 3, bakiza sukari gramu 100. Mahali pa nusu iliyotoka tia mililita 20 za maji ya stevia (ukitaka tamu zaidi, wakati mwingine fika 25), gramu 60 za ndizi mbivu au tofaa lililochemshwa na kupondwa, na gramu 25 za maziwa ya unga. Tunda hurudisha unyevu na ujazo. Maziwa ya unga hurudisha rangi. Punguza kwenye maziwa ya maji kiasi kile kile cha mililita ulichotia cha stevia, la sivyo katikati patabaki pabichi. Piga siagi na ile sukari iliyobaki hadi iwe nyeupe, kwa kuwa hewa yote ya keki hii inatoka hapo.

Usiingoje igeuke kahawia. Oka kwa nyuzijoto 175, anza kuchoma kijiti dakika 10 kabla ya muda wa kawaida, na kikitoka kikavu iopoe. Nyingi zinazotoka kavu zimeachwa jikoni zikisubiriwa rangi ambayo haiji. Na ile povu tamu ya ute wa yai inayookwa hadi ikauke, isahau. Bila sukari povu hilo hunywea.

Na mkate? Hamira itaumuka bila sukari?

Itaumuka. Hamira haili stevia, lakini vimeng'enya vya unga wenyewe huvunja wanga kuwa sukari ya kuilisha. Ongeza muda wa kuumuka kidogo, na gamba litakuwa jeupe zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kwa nusu kilo ya unga huharakisha, na sehemu yake kubwa huliwa na hamira.

Jamu yangu ya stevia haikuganda, na baadaye ikaota ukungu.

Jamu ya kawaida ina sukari karibu asilimia 60 hadi 65. Kiasi hicho huyafunga maji, vijidudu visipate ya kutumia, na ndicho kinachoifanya pektini ya kawaida, kigandisho cha asili cha matunda, kushikana. Ukiitoa, umetoa kigandisho na kihifadhi kwa pamoja. Tafuta pektini ya metoksili ndogo, ambayo huganda kwa kalsiamu badala ya sukari, na ufuate vipimo vya pakiti yake kwa sababu hutofautiana. Stevia iingie mwishoni, ukionja. Weka kwenye friji uile ndani ya wiki mbili au tatu, au igandishe. Kabatini haikai, hata chupa ikiwa safi namna gani.

Vipi asali na sukari guru? Navyo vinatoka kwenye mimea.

Mwilini ni sukari. Vihesabu kama sukari, na asali usimpe mtoto chini ya miezi 12.

Mama yangu ana kisukari aina ya 2. Atumie kiasi gani kwa siku bila madhara?

Dondoo safi halipandishi sukari kwenye damu. Hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kuvunjwa, bakteria wa utumbo mpana huligeuza kuwa steviol, ini huishughulikia, nayo hutoka kwa mkojo. Kamati ya wataalamu ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) iliweka kikomo mwaka 2008: miligramu 4 za steviol kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni dondoo la miligramu 600 hadi 700 kutegemea aina, sawa na mililita 30 hadi 35 za maji ya stevia tuliyoeleza juu. Mtu mzima ni nadra kufika huko. Mtoto wa kilo 15 kikomo chake ni robo ya hicho, na vinywaji vichache vilivyokolea vinaweza kumfikisha.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni kushuka kwa sukari. Mama akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, stevia haitamsaidia hata kidogo. Anahitaji sukari ya kweli: gramu 15, yaani vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu; apelekwe hospitali. Kwa hiyo nyumba ya mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari isikose sukari. Anayepunguza sukari nyingi kwa ghafla amweleze daktari, dozi inaweza kuhitaji kubadilishwa.

Wanaoitaka kwa ajili ya kupunguza uzito wajue kuwa WHO ilishauri mwaka 2023 vitia utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitumiwe kwa lengo hilo. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari.

Mbegu za stevia hazikuota. Nimekosea wapi?

Pengine hukukosea, mbegu nyingi za stevia ni tupu. Zilizopauka zitupe, panda nyeusi, na usizifukie kwa sababu zinahitaji mwanga. Njia bora ni vipandikizi. Kata ncha ya tawi lisilo na maua, sentimita 10 hadi 12, ondoa majani ya chini, chomeka pingili mbili kwenye udongo wenye mchanga, weka kivulini na unyevu usikauke. Mizizi hutoka ndani ya wiki mbili hadi nne. Kabla ya kukata tafuna jani la mmea mama, maana miche ya mbegu hutofautiana sana kwa utamu.

Maji yakituama, mizizi huoza. Vuna matawi mara vichomozi vya maua vinapoanza kuonekana, ukibakiza shina la sentimita 10 lichipue tena. Maua yakifunguka utamu wa majani hupungua. Mahali ambapo mchana hauzidi saa 12 hivi, mmea hukimbilia kutoa maua ukiwa bado mdogo, kwa hiyo kata ncha mara kwa mara. Anika upesi, mahali penye hewa, kwa siku moja au mbili. Majani yanayokauka taratibu huwa kahawia na kupoteza utamu. Yakivunjika mkononi kwa mlio, yachambue kutoka kwenye vijiti, ambavyo havina utamu wa maana, uyaweke kwenye chupa kavu yakiwa mazima na kuyasaga kadiri unavyohitaji.