Majirani Zetu Walatino: Usingoje Septemba

Waswahili wenzangu tulio Marekani, hasa ninyi mliofika karibuni na kupangiwa nyumba kwenye mitaa ambayo mabango ya maduka yote yameandikwa Kihispania, makala haya nawaandikia ninyi. Naishi upande wa kusini-magharibi wa Chicago, kati ya mitaa ya Pilsen na Little Village, na majirani zangu wengi ni Wameksiko. Ninayosema hapa nimeyapata kwa kuishi nao.

Kila mwaka, Septemba 15 hadi Oktoba 15, nchi hii huadhimisha Mwezi wa Urithi wa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ulianza kama juma moja mwaka 1968, ukarefushwa mwaka 1988. Septemba 15 ni siku ya uhuru ya Guatemala, El Salvador, Honduras, Nicaragua na Costa Rica; kesho yake ni zamu ya Meksiko, halafu Chile tarehe 18. Ni mwezi wa ngoma, bendera na vyakula, na uende. Lakini mama anayeuza tamale, vile vinyunya vya unga wa mahindi vilivyofungwa kwenye maganda na kupikwa kwa mvuke, kwenye kona yupo pale Februari pia, asubuhi ya theluji, na ndipo anapowahitaji wateja zaidi.

Kwa hiyo anza na fedha yako. Ukitaka ukwaju, mihogo, ndizi za kupika, utumbo, maharage ya kila rangi au rosela kavu ya kutengenezea juisi, huna haja ya kuendesha gari saa nzima kulitafuta duka la Kiafrika. Maduka ya familia za Kimeksiko pale 26th Street, Little Village, yanavyo vyote. Angalizo moja kwa wapishi: unga wa masa, ule wa tortilla (chapati nyembamba za mahindi), hutokana na mahindi yaliyochemshwa kwanza na chokaa, na ugali wake hautakuwa ule unaoujua. Ulizia unga wa mahindi wa kawaida. Wenye duka watafurahi kukuelekeza, na ukirudi mara ya tatu watakuwa wanakujua kwa sura.

Wauzaji wa barabarani nao ni wa kuangaliwa kwa namna ya pekee. Jiji la Chicago lilihalalisha mikokoteni ya chakula mwaka 2015 tu, baada ya wauzaji wenyewe kupigania haki hiyo kwa miaka. Kisha ikaja Septemba 2025: misako ya uhamiaji ikashika kasi, hata tamasha la uhuru wa Meksiko lililopangwa kufanyika katikati ya jiji likaahirishwa kwa hofu. Wapo waendesha baiskeli waliobuni jambo zuri sana wakati huo. Walikwenda kwa muuzaji asubuhi, wakanunua tamale zake zote ili arudi nyumbani mapema, kisha wakazigawa kwa wenye njaa. Hata ninyi mnaweza kufanya hivyo kupitia kikundi cha kanisa, msikiti au chama cha kufa na kuzikana. Lipeni taslimu, msiombe kupunguziwa bei. Na tafadhali, msimpige picha muuzaji na kuirusha kwenye makundi ya WhatsApp ikionyesha mtaa alipo. Wala usimuulize mtu habari za karatasi zake. Sisi tunajua swali hilo linavyouma.

Halafu wapeleke watoto kwenye National Museum of Mexican Art, pale Pilsen. Makumbusho hayo yalifungua milango mwaka 1987 na kiingilio ni bure, kwa hiyo tia chochote kwenye sanduku la michango. Mwaka 2006 yaliandaa maonyesho makubwa kuhusu Waafrika katika historia ya Meksiko, akiwamo Yanga, Mwafrika aliyetoroka utumwani akaongoza wenzake katika milima ya Veracruz mpaka watawala wa Kihispania wakakubali wawe na mji wao. Mji huo upo hadi leo, na unaitwa kwa jina lake. Sensa ya Meksiko ya mwaka 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika. Mtoto wako akilijua hilo, hatamwona mwenzake wa darasani kama mtu wa mbali.

Siku ya Wafu, Novemba 1 na 2, familia hupanga meza yenye picha za marehemu, maua ya rangi ya machungwa na mikate. Haihusiani na vinyago vya Halloween. Ukikaribishwa, ingia kama unavyoingia msibani: uliza jina la marehemu, sikiliza habari zake. Kama imani yako haikuruhusu kushiriki, kaa pembeni kwa adabu, hakuna atakayechukia.

Msiwachanganye watu pia. Ukienda mtaa wa Humboldt Park, kwenye bendera mbili kubwa za chuma zilizosimamishwa Division Street mwaka 1995, uko kwa Wapuerto Rico, watu wa kisiwa cha Puerto Rico kule Karibiani, na wao ni raia wa Marekani tangu 1917.

La mwisho ni nyumba, na hili linatugusa sote tunaopanga. Pilsen kodi zimepanda na familia nyingi za Kimeksiko zimeondoka. Mwaka 2017 mchoro wa ukutani wa Casa Aztlán, jengo lililokuwa kituo cha jamii pale Pilsen, uliokuwa kama kitambulisho cha mtaa, ulipakwa rangi baada ya jengo kuuzwa. Wakazi walipaza sauti, na msanii wake akaruhusiwa kuchora upya. Shule ya sekondari ya Benito Juarez, iliyofunguliwa 1977, nayo ilipatikana kwa wazazi kuandamana. Kwa hiyo mikutano ya mtaa ina kazi. Hudhuria hata kama Kihispania chako ni cha salamu tu, maana mara nyingi huwa kuna mkalimani. Waache wenyeji waseme kwanza, na wakitafuta watu wa kupanga viti, kuangalia watoto au kugonga milango kukusanya sahihi za wapangaji, jitolee.