Jibu: Uzamili wa takwimu kwa aliyesoma uchumi

Ndugu, umeuliza kama mwenye shahada ya uchumi anaweza kuomba uzamili wa takwimu, na uchague ipi kati ya programu mbili, ile ya mwaka mmoja au ile nyingine. Shahada ya uchumi haikuzuii. Wanaochuja maombi mara nyingi hutazama kwanza alama za kalkulasi, aljebra ya matriki (hesabu za majedwali ya namba) na uwezekano. Kama hiyo aljebra ya matriki hukuisoma, isome kabla ya kuomba.

Kuhusu zile programu mbili, jina la chuo liweke kando kwanza, fungua orodha ya kozi. Ile ya mwaka mmoja haina tasnifu. Ukiwaza shahada ya udaktari (PhD) baadaye itakubana, maana utahitaji utafiti wako mwenyewe na mhadhiri anayekufahamu vya kutosha kukuandikia barua nzito ya mapendekezo. Ukitaka kazi tu, inatosha, mradi wanafundisha R (lugha ya kompyuta ya kuchambua data) na regresheni (mbinu ya kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na mengine) kwa data halisi, yenye mapengo na makosa, kama umri wa mtu ulioandikwa 212. Waulize wahitimu wake. Vipeperushi husifu tu.