Bwawa la ndani Mtwara: jibu kwa anayetaka kuogelea msimu wa kusi

Ndugu yetu aliyehamia Mtwara kikazi ameuliza ni wapi atapata bwawa la kuogelea la ndani, la bei ya mtu wa kawaida, kwa miezi ya Juni hadi Agosti. Mimi naogelea hapa mwaka mzima, na ushauri wangu ni kwamba uache kutafuta paa, utafute mahali pasipopigwa sana na upepo. Bahari yetu hata mwezi wa Agosti huwa na joto la nyuzi 25 hivi, ambalo ndilo kiwango cha chini kinachokubaliwa katika mabwawa ya mashindano ya kimataifa. Kinachokutetemesha ni kusi linapokukuta umetoka majini ungali umelowa.

Bwawa la hoteli lililo wazi, lisilopashwa moto, hupoteza joto usiku kucha kwa sababu upepo huchukua mvuke juu yake, hivyo asubuhi laweza kuwa la baridi kuliko bahari yenyewe. Nenda baada ya adhuhuri. Kuhusu bei, usiishie kwenye kiingilio unachotajiwa mlangoni: omba kuonana na meneja, uulize malipo ya mwezi kwa siku za kazi, wakati bwawa halina watu, na uulize pia kama kiingilio hukatwa kwenye chakula, maana bei ya chipsi kuku za hotelini ni habari nyingine. Kabla ya kulipa, simama upande wa kina kirefu utazame chini. Kama tundu la kutolea maji halionekani vizuri, rudisha hela mfukoni. Harufu kali ya klorini nayo isikutulize, kwa sababu mara nyingi hutokana na klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo wa waogeleaji.

Hata hivyo, mahali ninapopapenda zaidi hapana kiingilio. Ghuba ya Mikindani, umbali wa kilometa 10 hivi kutoka mjini, imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, kwa hiyo mawimbi ya bahari kuu hayaifikii kwa nguvu. Fuata mwezi: siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, matope na mchanga vikaanikwa juani, kisha maji hurudi juu ya ardhi hiyo yenye joto na kujaa kwenye saa kumi jioni. Ukiingia wakati huo, pale karibu na ufuko, utayakuta yana uvuguvugu ambao bwawa la hoteli halikupi msimu huu. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu na maji hayapwi wala kujaa sana, mambo hugeuka, kwani kujaa huangukia asubuhi, na mimi siku hizo ndizo ninazolipia bwawa.

Usiogelee kuelekea mlango wa ghuba maji yanapotoka, kwa sababu mkondo wa pale una nguvu, na hasa wakati wa bamvua. Waulize wavuvi saa ya maji kabla hujavua shati, na uende na mwenzako atakayebaki ufukoni na taulo na nguo kavu, ili ujifunike mara tu unapotoka.