Ukienda Uganda kwa gari lako, punguza kilomita

Watu wa Mwanza tukisema tunakwenda Uganda huwa tunamaanisha Kampala, kwa basi la usiku, shingo imepinda dirishani. Novemba iliyopita mimi na shemeji yangu, Mhaya wa Bukoba, tulikwenda kwa kigari changu kidogo kinachopeleka watoto shule. Siku 9. Kampala hatukufika, wala hatukuikumbuka.

Nilikuwa nimepanga kilomita 300 kwa siku, kama mtu anayewahi kikao Dodoma. Hesabu hiyo ilikufa mapema. Siku hizi nikiulizwa nasema: kwenye vumbi 100 zinatosha, na ukifika mapema, kaa.

Upande wetu ni lami tupu. Foleni ya kivuko cha Busisi haipo tena. Tangu Juni 2025 unavuka ghuba juu ya daraja la kilomita 3. (Nakiri ninaukumbuka ule uvivu wa kusubiri.) Ukilala Bukoba, kesho yake zimebaki kama kilomita 80 kufika mpakani Mutukula. Kyaka, pale unapovuka Mto Kagera, simama kidogo. Daraja la hapo lilivunjwa na majeshi ya Idi Amin Novemba 1978, na wazee hawasubiri kubembelezwa ndipo wasimulie.

Mutukula ndipo tulipopoteza siku, na kosa lilikuwa langu. Kadi halisi ya gari nilikuwa nayo, lakini ina jina la mke wangu, na barua yake ya kuniruhusu kulitoa nje ya nchi sikuwa nayo. Tulikaa hadi saa tisa alasiri tukisubiri barua iandikwe Mwanza, igongwe muhuri wa wakili, ije kwa WhatsApp, nikaichapishe stesheneri. Mke wangu hadi leo ananikumbusha. Kwa hiyo: pasipoti, leseni, kadi ya gari, barua kama gari si lako kwa jina, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na bima ya nje, ile inayoitwa kadi ya njano. Msichanganye njano hizo mbili. Mimi niliombwa bima nikatoa chanjo.

Kuendesha kwenyewe hakuna jipya, wanapita kushoto kama sisi. Ila usiku usiendeshe: ng'ombe, na bodaboda zisizo na taa.

Kutoka Mutukula lami inakwenda moja kwa moja Masaka. Tuliiacha Kyotera, tukashika udongo mwekundu kwenda Kasensero, mwalo wa wavuvi karibu na pale Kagera inapomwaga maji ziwani. Mto uleule tuliouvuka Kyaka. Njiani ramani ya simu ikanionyesha mkato.

"Shem," akasema shemeji, "mkato wa masika ni mrefu."

"Huu ni vuli."

Nikakata kona. Haikuisha nusu saa, tairi la mbele kushoto limezama hadi ringi. Nikamwita mzee aliyekuwa akipita, kwa Kiswahili changu kizuri cha Mwanza: "Shikamoo baba, samahani, naomba msaada." Akatutazama tu. Kwa wazee wengi wa huko Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, na wengi hawakuisikia kwa wema. Shemeji akashuka, akasalimia kwa Kihaya. Mzee akajibu kwa Kiganda. Lugha hizo ni ndugu. Kila mmoja alishika nusu, na nusu ilitosha. Wakaja vijana 3 na jembe, wakakata shina la mgomba lililokwisha kuzaa, wakalipasua vipande, wakavilaza mbele ya tairi. Gari likatoka likiteleza juu ya utomvu. Bei hawakutaja. Tuliwalipa hivyohivyo, na wewe fanya hivyo.

Kwa hiyo jifunze maneno manne kabla hujavuka: "wasuze otya" ni umelalaje, mwanamume ni "ssebo", mwanamke "nnyabo", asante "webale". Saa wanahesabu kama sisi, ssaawa bbiri ni saa mbili, lakini ukiuliza kwa Kiingereza utajibiwa kwa hesabu ya Kizungu. Uliza vizuri, hasa ukiwa unawahi kivuko. Mwaloni utakuta samaki wetu wamebadilisha majina: sato ni ngege, sangara ni mputa, dagaa ni mukene. Mpishi wa Kasensero alicheka sana niliposisitiza nataka sato, wakati ngege amelala mbele yangu.

Visiwa vya Ssese navyo usiviruke. Kutoka Masaka unashuka Bukakata, gari linapakiwa kwenye kivuko bila nauli, mnashukia Luku katika kisiwa cha Bugala, kwenye mashamba ya michikichi. Tulipanga usiku mmoja, tukalala 3.

Mtauliza mwezi gani uende. Juni hadi Agosti barabara ni kavu, na mwenye akili atachagua hapo. Lakini Novemba ni msimu wa senene, na Masaka wanakaangwa barabarani kwa kitunguu, unauziwa kwa kikombe. Mimi nitarudi Novemba, na koleo kwenye buti.

Kijana anayeniosha gari alichokonoa juu ya tairi lile la kushoto kwa bisibisi, akatoa kipande cha mgomba kilichokauka, akanishikia. "Bosi, hili gari lilikuwa shambani?"