Ugali hauna kosa, tazama kitunguu

Swali la wiki liliuliza: "Mwenye IBS akijinyima vyakula, anapona?" IBS ni hali ya utumbo kusumbuka mara kwa mara: tumbo kuuma, kujaa gesi, kuharisha au kukosa choo. Haponi. Ila wengi hupata nafuu wakijinyima kwa utaratibu, tena kwa muda mfupi. Utaratibu unaofahamika zaidi ni mlo wa FODMAP kidogo, uliotokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia. FODMAP ni sukari na wanga mfupi ambao utumbo mwembamba haunyonyi vizuri. Hubaki humo ukivuta maji, kisha hufika utumbo mpana, bakteria wakauchachusha na gesi ikajaa. Kwa mwingine mambo huishia kwenye kujamba tu. Mwenye IBS, ambaye utumbo wake huhisi kila mvutano, hushikwa na msokoto, leo akiharisha, kesho choo kikigoma.

Kabla ya kugusa chakula, pima. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, homa, upungufu wa damu, au kuamshwa usiku na kuharisha, hayo si ya kutibiwa kwa mlo. Pima choo kuona kama kuna vijidudu vya giardia au amiba. Kipimo cha seliaki, ugonjwa wa mwili kuikataa gluteni ya ngano, nacho kifanyike ukiwa bado unakula ngano, maana ukishaiacha majibu yanaweza kudanganya. Mjamzito, mtoto na aliyekonda wasijaribu mlo huu bila mtaalamu wa lishe.

Kosa la kwanza ni kuacha visivyohusika. Watu huacha ugali, wali na nyama, halafu mboga inaendelea kuungwa kwa vitunguu viwili. Ugali wa mahindi, wali, viazi mviringo, ndizi mbichi za kupika, samaki, kuku, mayai, mchicha, sukuma wiki na karoti vyote ni salama. Vinavyosimamishwa ni kitunguu maji, kitunguu saumu, ngano, maharage na jamii yake, maziwa freshi, embe, tikiti maji na asali. Ndizi ya kula ikiiva sana nayo huongeza fruktani, mojawapo ya hizo FODMAP, kwa hiyo chukua iliyo bado ngumu. Kiazi kitamu kisizidi gramu 75 kwa mlo, yaani vipande viwili vitatu.

Vita yenyewe ni kitunguu. Fruktani zake huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo kuchambua vitunguu pembeni ya sahani ya pilau hakusaidii: zimeshaingia kwenye supu na wali umezinywa. Kwenye mafuta, hata hivyo, haziyeyuki. Hapo ndipo pa kujinasua. Kaanga punje za kitunguu saumu zikiwa nzima kwenye mafuta matupu, moto mdogo, hadi zinukie na kuanza kubadilika rangi. Zitoe zote, ndipo uweke nyanya. Ukitanguliza nyanya, maji yake yanavuta fruktani na kazi yote imeharibika. Mafuta hayo yatumie siku hiyo hiyo. Yakikaa nje ya friji yanaweza kuzalisha sumu hatari ya botulizimu. Badala ya kitunguu maji, katakata majani ya kijani ya vitunguu majani, sehemu nyeupe itupe. Tangawizi, bizari nzima, hiliki na giligilani havina shida. Viungo vya mchuzi vya paketi ndivyo vya kuogopa, maana vingi vina unga wa kitunguu, na kwa mama ntilie huwezi kujua kilichomo sufuriani. Wiki hizo beba chakula chako.

Hatua hii ya kujinyima ni wiki 2 hadi 6. Wiki ya sita ikiisha bila nafuu, acha, tatizo lako haliko hapa. Ukipata nafuu pia usibaki hapo, ingawa wengi hubaki kwa woga. Bakteria wazuri wa utumboni hula sukari hizo hizo. Ukiwanyima muda mrefu, hupungua. Maziwa yakiondoka, kalsiamu itafutwe, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao wanafaa sana.

Kinachofuata ni kujaribu kundi moja moja, vingine vyote vikibaki nje. Maziwa: siku ya kwanza robo kikombe, ya pili nusu, ya tatu kikombe kizima. Pumzika siku tatu, kisha mkate: kipande kimoja, kimoja na nusu, viwili. Kitunguu saumu kijaribiwe peke yake, robo punje, nusu, punje nzima. Kitunguu maji nacho peke yake. Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya, mwaga tena, ndipo ule vijiko vikubwa viwili, kesho yake vinne. Tumbo likichafuka, simama, subiri litulie, usiongeze kipimo. Kilichopita salama kiandike daftarini, lakini kisirudi mezani hadi majaribio yote yaishe, vinginevyo hutajua nani kakuchafua.

Andika kiasi, si jina la chakula tu. Anayeteswa na nusu kitunguu huenda asihisi lolote kwa kijiko kimoja kilichogawanyika kwenye sufuria ya watu sita.